Mimi Ni Wengi

Mgeni asije, mwenyeji apone. Najua methali haisemi hivyo, na najua kwamba hapa Kaloleni, Nairobi, nilikozaliwa na ninakoishi na baba yangu hadi leo, mtu akiigeuza namna hiyo hutazamwa kama aliyemfungia mama mkwe nje kwenye mvua. Lakini niliigeuza, tena mbele ya wakubwa wangu, asubuhi ya Jumamosi, nikiwa nimesimama katikati ya sebule na waya wa intaneti mkononi. Nilikuwa nimeung'oa ukutani pamoja na kipande cha lipu.

Sauti ya marehemu mama yangu ilikuwa imekatika katikati ya neno.

"Wewe Apondi," akasema jirani yetu Mama Shiru, kikombe cha chai kikiwa hakijafika mdomoni. "Mbona umemnyamazisha mama yako?"

"Si mimi niliyemnyamazisha."

"Na waya umeshikwa na nani? Na mimi?"

Baba aliendelea kuitazama spika ndogo iliyo juu ya kabati la vioo, kama mtu anayemsubiri mwenzake arudi kutoka jikoni amalizie alichokuwa akisimulia.

Mama aliingia kwenye kabati lile kwa mkono wangu. Baba, Patrobas Omolo, alikuwa fundi wa vipaza sauti katika ukumbi wa mtaa, na kwa kuwa nyumba yetu imetazamana na ukumbi, alikuwa na desturi ya kuweka redio kaseti dirishani na kuzirekodi kwaya zikifanya mazoezi. Alidhani anarekodi kwaya. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akimrekodi mama. Hakuna wimbo hata mmoja ambao hayumo. Wanaume wanaupanda mlima wa "Haleluya" kwa jasho, na kabla hawajafika kileleni mama anauliza ni nani aliyeacha sufuria ya omena bila mfuniko. Soprano wanalia msalabani, na mama anacheka. Alikuwa na kicheko cha kuvuta pumzi kwanza, kama mtu anayetaka kuzima mshumaa, halafu kikamwagika.

Zamani baba alizilaani kanda zile. "Mama Willis, umeniharibia tena," angesema, na mama angemjibu kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiimba vizuri kuliko wote. Tulipokwisha kumzika, hakuna aliyetaka tena kusikia kwaya. Tulizisukuma mbele nyimbo, tukimtafuta aliyeziharibu.

Nina stashahada ya mitandao ya kompyuta na nafanya kazi ya kuitengeneza mitandao ya watu. Nilizichukua kanda zile, zilizokuwa zimechakaa kiasi kwamba ukiicheza moja leo, kesho haichezi tena, nikazihamishia kwenye kompyuta ndogo isiyozidi Biblia kwa ukubwa. Niliiweka juu ya kabati. Siku hiyohiyo baba akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama mama alivyofunika redio, televisheni, makochi na hata chupa ya chai.

"Baba, mashine inahitaji hewa."

"Hata redio ilihitaji hewa. Mama yako aliifunika na ikaimba."

Tulipatana nusu kwa nusu. Kitambaa kikarudishwa nyuma, mashine ikakaa kama mwanamke aliyesukuma kilemba chake kwa ajili ya joto.

Basi ikawa Jumamosi ni siku ya mama. Mama Shiru, ambaye jina lake ni Waruguru lakini hakuna anayethubutu kulitaja, alikuwa akija kabla ya kwenda kwenye kibanda chake cha viatu vya ngozi katika soko la Kariokor, anywe chai na kumsikiliza rafiki yake. Ndugu yangu Willis, anayefanya kazi hotelini Doha, akasikia habari, naye akataka. Waliohamia Kitengela wakataka. Waliorudi Kisumu wakataka. Nilimwambia Willis angoje, nilikuwa na kazi Machakos, nikirudi nitaandaa njia salama ya kuingilia kutoka nje.

Willis hakungoja. Alimpigia simu Mumo, fundi aliyetufungia intaneti mtaa mzima, akamwambia afungue njia ya moja kwa moja kutoka duniani kote hadi kwenye kabati letu. Ziwekwe sauti za mama, uwekwe mlango, na kwenye mlango liwekwe neno moja la siri ambalo hata wazee hawatalisahau.

Hapa sina budi kuwaeleza wasiokulia kwetu. Kaloleni hatubonyezi kengele. Mtu husimama nje akasema hodi. Aliye ndani huuliza, "Nani?" Na aliye nje, awe nani awe nani, hujibu, "Ni mimi." Hilo ndilo jibu letu. Hatusemi jina. Kusema jina mlangoni kwa jirani ni kama kumtukana kwamba hakujui. Kwa hiyo Willis na Mumo, walipoulizwa na mashine watu wa Kaloleni watajitambulishaje, hawakufikiri mara mbili. Neno la siri likawa nimimi. Herufi ndogo, halina hata nukta. Likatumwa kwenye makundi ya simu ya wote waliowahi kukaa mtaani.

Mimi nilirudi kutoka Machakos Ijumaa jioni. Mama Shiru ndiye aliyenipa habari, Jumamosi ile, kwa furaha kubwa. "Siku hizi namsikiliza hata sokoni. Unaandika tu nimimi, anakuja! Haiya, Apondi, masomo yenu yamefaa." Ndipo sauti ikakwaruza, ikageuka mlio wa bati linaloburutwa, ikanyamaza. Nilifungua kompyuta yangu nikaona majina ya kanda yakibadilika moja baada ya jingine, kila moja likiota mkia wa herufi zisizosomeka, yakipanda kwenye kioo kama mchwa kwenye fremu ya mlango. Mtu alikuwa ndani. Alikuwa akizifunga sauti za mama kwa kufuli lake. Ndipo nikaurukia waya.

"Mgeni asije, mwenyeji apone," nilisema.

"Mgeni gani?" Mama Shiru akauliza, akigeuka kutazama mlango.

Niliwaeleza. Baba alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya magoti.

"Huyo mtu anatujua?"

"Hapana, Baba, yeye hatujui sisi. Hata mama hamjui. Alikuwa akipita akisukuma milango yote ya dunia. Wetu ukafunguka."

"Hakuulizwa ni nani?"

"Aliulizwa."

"Akasema?"

"Akasema ni mimi."

Baba aliinuka, akachukua kile kitambaa, akakikunja, akakitia mfukoni mwa koti. Sijawahi kumwona amezeeka haraka namna ile.

Mwizi yule alikuwa ameacha ujumbe kwamba tukimlipa atatufungulia. Sikuujibu. Nilikuwa na nakala ya akiba kwenye mkoba, lakini ilikuwa ya kabla ya Pasaka, na kanda nilizoongeza baadaye hazikuwamo. Katika hizo zilizopotea ndimo ilimokuwa ile ya njegere. Mama na Mama Shiru wameketi barazani wakimenya njegere, kwaya iko mbali kabisa, na wanamteta mchungaji mmoja aliyekuwa akifunga macho kila anapoombea wasichana. Wanacheka hadi bakuli linaanguka. Unasikia njegere zikitawanyika sakafuni, halafu ukimya wa watu wasioweza kupumua, halafu mama anasema kwa sauti nyembamba, "Mama Shiru, utaniua." Mama Shiru alikuwa akiiomba hiyo kila Jumamosi. Ilikwenda. Kanda yenyewe ilikuwa imekatika siku nilipoinakili.

Nilimwambia kwamba imekwenda. Akaniuliza kama sitaitengeneza. Nikamwambia haitengenezeki. Akamalizia chai yake polepole, akaenda sokoni.

Nikaanza upya na ile nakala ya akiba. Niliuziba mlango wa nje, nikachimba handaki. Ndivyo nilivyomweleza baba: kutoka kwenye simu ya mtu hadi kwenye kabati letu kuna njia ya chini kwa chini, na mdomo wa njia hiyo hauonekani na mpita njia. Mwenye ufunguo anapita. Asiye nao hata akigonga hajibiwi, wala haulizwi ni nani. Hajui kama kuna nyumba.

"Nyumba isiyojibu hodi ni kaburi," baba akasema.

"Ni afadhali kaburi lisilofukuliwa."

"Ulimi huo umeurithi kwa mtu fulani," baba akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile akaelekea kutabasamu.

Kila simu ilipata ufunguo wake. Niliuweka kwa mkono wangu, mwenye simu akiwa mbele ya macho yangu. Willis nilimpa kwa simu ya video, nikamlazimisha awashe taa nimwone uso.

"Niaje, inspekta," akasema. "Nitoe na kitambulisho?"

"Kaa kwenye mwanga."

"Apondi, ufunguo mmoja unatosha ukoo mzima. Uweke kwenye kundi la familia, kila mtu achukue, tumalize."

"Kundi la familia lina watu ambao hata wewe huwajui."

"Ni watu wa nyumbani."

"Yule aliyeifunga njegere pia alisema ni wa nyumbani."

Hapo nilimwona akitazama pembeni, nikajua ameumia, na nikamwacha na maumivu yake kwa sababu na mimi nilikuwa na yangu.

Mama Shiru nilimfuata Kariokor. Kibanda chake kiko ndani, pale ambapo harufu ya ngozi na gundi hukushika koo na nyundo za mafundi hupokezana kama watu wanaobishana. Alikuwa ameketi katikati ya viatu, kilemba kimefunika kidude cha kusikilizia alichokipachika sikioni, ingawa hakukuwa na cha kusikiliza. Aliniambia amezoea kukivaa. Bila hicho sikio linahisi baridi.

Nilipouweka ufunguo, tukajaribu. Mama akatoka kwenye simu akimkaripia muuza samaki. Mama Shiru alifumba macho. Mteja alikuja akauliza bei ya viatu vya shanga, akaondoka bila kujibiwa.

"Ufunguo huu ni wako, mama," nikamwambia. "Wako na simu hii tu. Usimpe mtu."

"Nimpe nani? Mimi ni mtu wa kugawa gawa?"

Mimi mwenyewe nimekula nyumbani kwake tangu nilipoota meno. Alinisuka nywele kila Jumapili, akinibana kichwa katikati ya magoti, kwa kuwa mama hakujua kusuka. Alikuwa mtu wa kugawa gawa kuliko wote niliowahi kuwajua.

Haukupita muda. Nilikuwa nikikagua mashine nikaona ufunguo wake ukiingia kutoka Kariokor, mara Nakuru, mara Kariobangi, mara Kariokor tena. Ungedhani Mama Shiru ameota mabawa. Nilielewa mara moja. Bintiye, Shiru, anaijua simu kuliko anavyoyajua maombi. Aliutoa ufunguo kwenye simu ya mama yake, akautuma kwa akina mama wa kwaya, nao wakautuma kwa wenzao. Kila simu itakayoibwa Gikomba au kusahaulika kwenye benchi la kanisa itakuwa na mlango wa kwetu ndani yake.

Kilichotakiwa kufanywa kilikuwa kidogo sana. Kufuta mstari mmoja, ule wa ufunguo wa Mama Shiru. Kidole changu kilikuwa pale. Nikamwona Mama Shiru kwenye kibanda, sikio likiwa na joto, mama yangu akimnong'oneza katikati ya nyundo. Nikashindwa. Kama kuna kitu nilichokuwa nimekiamini tangu utotoni ni kwamba mlango wa mama haukuwa na komeo. Ndivyo wote tunavyosema tukimkumbuka. Ndivyo mchungaji alivyosema kaburini. Mama Willis, mlango wazi. Ni nani mimi hata niuzibe?

Nikaiacha kazi, nikafungua kanda mojawapo katika zilizobaki, nipate ujasiri au niupoteze kabisa. Ilikuwa ya zamani sana. Kwaya inajifunza wimbo wa mavuno, inakosea, inarudia. Mama anafagia. Kisha, nje, sauti ya mwanamume:

"Hodi."

Fagio likasimama. "Nani?"

"Ni mimi."

Nilingoja komeo livutwe. Halikuvutwa. Kulikuwa na kimya kirefu kiasi kwamba kwaya ilimaliza ubeti mzima.

"Mimi ni wengi," mama akasema. "Wewe ni mimi yupi?"

Yule mtu alinung'unika kitu, kwamba ametumwa, kwamba anamjua baba.

"Anayekujua hayupo. Rudi akiwapo." Na fagio likaendelea, polepole, karibu na mlango, la mtu anayefagia huku anasikiliza nyayo zikiondoka. Baadaye kidogo, hodi nyingine, ya mwanamke. Nani? Ni mimi! Komeo lilivutwa kabla hata neno halijaisha, na mama akasema, "Ingia, Mama Shiru, chai imepoa."

Niliirudisha nyuma nikaisikiliza tena. Si kwa ajili ya maneno. Nilitaka kulisikia komeo lile. Lilikuwa la chuma, lilikuwa na mlio wa kukwama na kuachia, na nilikuwa nimelisahau kabisa. Sote tulikuwa tumelisahau. Tumeibeba sura ya mlango ukifunguka kwa sababu sisi ndio tuliofunguliwa. Wale waliobaki nje hawakuja mazishini kusimulia.

Nikaufuta ule mstari.

Jumapili iliyofuata tulikuwa tumetoka kanisani, baba akiwa bado na tai, Mama Shiru alipoingia uani. Hakupiga hodi. Alisimama kando ya kamba ya nguo, amevaa sare yake ya umoja wa akina mama, akazungumza na baba kana kwamba mimi ni nguo mojawapo.

"Baba Willis, mtoto wako amenikatia mama yake."

"Apondi?" baba akaniita.

"Ni kweli, Baba. Ufunguo wake ulikuwa Nakuru."

"Ulikuwa kwa akina mama wa kwaya!" Sasa alinigeukia. "Wale waliompikia akiumwa. Wale waliombeba. Wewe ulikuwa unalia kwenye kona, sisi ndio tuliomvalisha. Leo unatuambia tuonyeshe ufunguo?"

"Waje, mama. Mmoja mmoja, na simu zao. Nitawapa wote."

"Tupange foleni? Kama ya kitambulisho?"

"Kama ya chai. Mlikuwa mnakuja wenyewe zamani."

"Ai! Msikie! Mama yako hakuwahi kuniuliza mimi ni nani."

"Alikuuliza kila siku," nikasema. "Kila siku ya maisha yake, kabla ya kuvuta komeo. Na akikusikia sauti anafungua. Sauti yako ilikuwa ni yako, Mama Shiru. Hukuweza kumwazima mtu wa Nakuru."

Upepo uliivuta kamba, shati la baba likampiga Mama Shiru begani, naye hakuliondoa. Nilimwona akirudi mbali, kwenye mlango ule, kijana, mtoto mgongoni, akisema ni mimi na kungoja. Sijui alichokikuta huko. Macho yalimjaa maji, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Ile ya njegere ilikwenda, Apondi. Hizi zilizobaki ndizo nilizo nazo. Juzi nilikuwa na mteja, mama yako akakatika tu. Akakatika hivi hivi. Nilidhani amekufa tena."

Hilo sikuwa nimelitarajia. Lilinipiga mahali ambapo hakuna handaki wala ufunguo. Nilitamani anishike kichwa katikati ya magoti anisuke hadi nilie.

"Nyara," baba akasema. Hilo ni neno la Kijaluo, binti yangu, analoniita akitaka nikumbuke kwamba mimi ni binti yake, si fundi wake. "Huyu ni mama yako wa pili. Umemliza. Muombe radhi, tuingie ndani tukale."

"Baba, nikimwomba radhi nitakuwa nimesema kwamba nimekosea."

"Mtu huomba radhi hata kwa ajili ya amani tu."

"Amani nitaitafuta kwa kitu kingine."

"Apondi!"

Mama Shiru aliinua kiganja kumnyamazisha baba. Hakuwa akinitetea. Alikuwa akinitazama tu, kwa jicho la kupimia ngozi, akitafuta mahali nitakapopasuka. Niliificha mikono nyuma ya gauni. Halafu nikaitoa, kwa sababu nilihitaji mmoja. Nilimsogelea hadi nikasikia harufu ya gundi isiyomtoka hata siku ya Bwana, nikamnyooshea kiganja.

"Nipe simu nikuwekee ufunguo mpya, hapa hapa, ukiniona," nikamwambia. "Kila utakapougawa nitaukata, na kila utakapokuja nitakupa mwingine. Lakini radhi, mama, siombi."